Mgeni Asiyepewa Jembe

Kandida mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umekaa kwa msusi kule stendi tangu asubuhi, shingo inakuuma, na msusi anakusimulia mambo ya ndoa yake ambayo hukumuuliza. Kwa mtindo ulioutaka, hurudi kabla ya alasiri. Huo ndio muda nilio nao. Ukirudi utanikuta jikoni kama kawaida, na barua hii itakuwa ndani ya begi lako la mkononi, chini ya chakula cha njiani, mahali ambapo lazima uione lakini si kabla ndege haijaruka.

Sitakuandikia habari za masweta. Shangazi zako wameshakuagiza vya kutosha: usilale bila soksi, usikose misa, usiolewe huko kimyakimya ukatuletea picha kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu, na ni la jana.

Jana watu wakiwa wanakula pilau ya kukuaga, baba yako mkubwa alikuuliza unakwenda kufanya nini hasa huko Ujerumani. Ukamweleza vizuri, hata mimi niliyekwisha kusikia mara nyingi nikaelewa upya. Kuna taasisi inayoishauri serikali yao. Imekusanya watu wachache waandike namna mpya ya nchi ile kuishi na nchi ilizowahi kuzitawala, kwa sababu hata wao wameona ya zamani imechakaa. Na katika hao wachache, ni wewe peke yako unayetoka upande wa waliotawaliwa. Baba mkubwa akafurahi mpaka akasahau nyama mkononi. Akakuuliza, "Sasa ukifika utawaambiaje?"

Ukaweka sahani chini. "Nitawaambia warudishe kichwa cha Babu Mkubwa. Walipe. Wakishalipa basi, kila mtu ashike njia yake. Mie siendi kucheka nao, Baba Mkubwa. Wao kwao, sie kwetu."

Watu wakapiga makofi, na dada yako akapiga kigelegele. Mimi sikupiga makofi, nawe ukaniona. Ukasema kwa sauti, tena mbele ya majirani, "Mama, mbona kimya? Au unawaonea huruma wazungu wako?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watu, kisha nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Iliniuma, Kandida. Sikufichi.

Ni kweli nimekula kwao. Nimefanya kazi kwenye ile ofisi yao ya Msasani tangu kabla hujazaliwa mpaka nilipopata kiinua mgongo kilichoezeka nyumba hii ya Chanika. Kazi yangu ilikuwa kuandaa semina na kutafsiri. Watu huona mkalimani ni mtu wa maneno, kumbe muda mwingi mimi nilikuwa mtu wa mabango. Nilipoanza, neno lilikuwa "msaada", na kila tulichopeleka vijijini kilikuwa na kibandiko chenye neno hilo. Akaja bosi mpya akasema msaada ni neno la kudhalilisha, sasa ni "ushirikiano". Tukabandua, tukabandika. Akaja mwingine, ushirikiano ukawa wa kizamani, tukahamia kwenye "ubia". Wa mwisho niliyemhudumia alitaka ubia wa kutazamana macho kwa macho, na nilihangaika kutwa nzima kutafuta Kiswahili chake kinachoenea kwenye kitambaa. Fundi wa mabango pale Mwenge alikuwa akisikia tu sauti yangu kwenye simu anasema, "Mama, wamebadilisha tena?"

Mabango yalibadilika, lakini ukaaji ulibaki uleule. Wao walikaa upande mmoja wa meza wakauliza, sisi tukakaa upande wa pili tukajibu. Kwa miaka yote hiyo sikumbuki kutafsiri swali kutoka upande wetu kwenda wao, isipokuwa lile la posho inatoka saa ngapi. Walikuwa watu wema, wengi wao. Walinijulia hali za watoto, na mmoja alikununulia wewe baiskeli. Lakini kila mmoja alikuja na neno jipya, akakaa miaka yake michache, akaagwa kwa keki, akaondoka nalo. Kwa hiyo usidhani siwajui.

Kuna jambo jingine ambalo nilipaswa kukueleza zamani, nikawa naahirisha. Kumbuka msiba wa baba yako.

Ulikuwa darasa la tano. Babu Gaudensi, baba yangu mdogo, alisafiri kutoka Songea, akafika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Badala ya kulia kama wengine alivaa koti la baba yako, akatia mkono mmoja mfukoni, akaanza kutembea uani vilevile alivyokuwa anatembea marehemu, akiuliza, "Chai iko wapi? Mke wangu mvivu huyu, chai iko wapi?" Watu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Tulipofika makaburini alishuka kwenye kaburi, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akasema hatoki mpaka Wahehe wampe jogoo, kwa sababu marehemu alimwoa binti wa Kingoni kwa bei ya kutupa. Wewe ulimrushia mchanga. Ulipiga kelele, "Anamcheka baba yangu!" Shangazi yako akakubeba ukiwa unarusha mateke, nami nikasema utaelewa ukikua. Umekua, na sikukuelewesha.

Sisi Wangoni tuliingia nchi hii tukiwa na mikuki, tukakutana na watu wa baba yako, Wahehe, nao hawakuwa watu wa kusukumwa. Tukauana. Tukachukuliana ng'ombe, wake na watoto. Bibi yangu alikuwa na wimbo wa vita hivyo ambao ukiusikiliza vizuri hulali. Walipochoka kuuana hawakuandikiana mkataba, wala hakuna aliyesema tusahau. Walichofanya ni kuwa watani. Maana yake ni kwamba nitakutukana kwa ulichonifanyia, mbele ya watoto wako, leo na siku zote, nawe huruhusiwi kukasirika. Wewe nawe utanitukana kwa nilichokufanyia. Nitaingia kwako bila hodi nikamate kuku. Lakini ukifiwa, wewe umevunjika mikono, kwa hiyo mimi ndiye ninayeshika jembe kwanza. Mimi ndiye ninayepasua kuni, ninayeteka maji, ninayekuchekesha kwa nguvu ili usimfuate marehemu. Nisipokuja, nimefanya kosa kubwa kuliko lile la vita.

Babu Gaudensi alipewa jogoo wake. Akatoka kaburini, akamshusha baba yako kwa mikono yake mwenyewe, akafukia mpaka mwisho. Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya msiba kwa majivu, analia peke yake. Alimpenda sana baba yako.

Bosi wangu wa wakati ule, Bwana Ditmar, alikuja pia mazishini. Humkumbuki, maana hakufanya lolote la kukumbukwa. Alivaa suti nyeusi, akaketishwa mbele chini ya turubai, akapewa soda ya baridi, akatoa rambirambi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, na dereva wake akamwondoa kabla jeneza halijashushwa ili wawahi foleni. Hatukumtukana, wala hatukumpa jembe. Tulimheshimu mpaka akabaki nje. Niliporudi kazini aliniuliza maswali mengi juu ya yule mzee aliyelala kaburini, nikamweleza utani kama ninavyokueleza wewe sasa. Alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa.

Sasa nifike kwenye lile linalonikaa kooni.

Habari ya Babu Mkubwa unaijua tangu utotoni. Baada ya vita vya Maji Maji Wajerumani walimnyonga pamoja na wenzake, na ukoo wetu umeshikilia siku zote kwamba kichwa chake hakikuzikwa, kilikwenda Ulaya ndani ya sanduku. Wazee waliandika barua nyingi kukiulizia. Ulipokuwa kidato cha tatu kule bweni, ofisi yetu iliamua kumtuma Bwana Ditmar kwenye kumbukumbu ya kijijini, ile tunayofanya kila mwaka kwenye uwanja wa kigango, nami nikaenda naye kutafsiri. Mkuu wa wilaya alikuwepo, na waandishi wa habari na kamera zao. Nilivaa kitenge kipya. Nilijisikia mtu mkubwa, lazima niseme hivyo, binti wa kijiji anarudi na gari lenye bendera.

Ratiba ilikuwa sala, hotuba, chakula. Padre alipomaliza sala, Babu Gaudensi akasimama bila kuitwa. Akamfuata Bwana Ditmar pale mbele, akamvua kofia yake ya pama, akaivaa yeye. Akaanza kuandamana uwanjani, miguu imenyooka, akitoa amri kwa Kijerumani cha kubuni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akaja akasimama mbele ya mgeni.

"We Mjerumani! Ulimnyonga babu yangu ukakimbia na kichwa chake. Leo umerudi mikono mitupu, limetangulia tumbo. Nani kakwambia hapa wavivu wanakula? Kuni zile pale, na shoka lile pale. Pasua, wapelekee akina mama, ndipo tutazame kama unafaa ugali. Na siku ukifa nitakuja huko kwenu, nilale kwenye kaburi lako mpaka wanao wanipe ng'ombe!"

Ilikuwa zamu yangu kutafsiri, lakini Bwana Ditmar hakuwa na haja ya tafsiri. Kiswahili cha kutosha alikuwa nacho, na habari za utani nilishampa mwenyewe. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasimama, akavua koti lake akaliweka juu ya kiti, akaanza kukunja mikono ya shati huku anazielekea kuni.

Nami nikaingiwa na hofu. Niliona picha gazetini: mwakilishi wa nchi rafiki akipasulishwa kuni na mzee wa kijiji. Nikaona kazi yangu imekwisha na ada yako ya shule nayo. Lakini hofu ya kazi haikuwa kubwa kuliko ile haya yetu unayoijua, ya mgeni kuoneshwa jiko lenye moshi. Sisi tuko radhi mgeni alale kitandani na sisi tulale chini, mradi asione chochote. Nilimkimbilia baba mdogo, nikamvua ile kofia, nikaipangusa kwa kitenge changu, nikamrudishia mwenyewe. Nikamwambia Bwana Ditmar, "Samahani sana. Mzee amelewa." Na baba yangu mdogo nikamwambia, "Baba, tafadhali, usituaibishe mbele ya wageni."

Babu Gaudensi alikuwa mtu wa chai ya tangawizi maisha yake yote. Pombe hakuijua hata harufu. Alinitazama, akaenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya watu. Bwana Ditmar alisimama kidogo na mikono yake iliyokunjwa, akanitazama mimi, akawatazama wakubwa. Kisha akavaa koti. Akasoma hotuba iliyosema nchi yake ina masikitiko makubwa, nami nikaitafsiri vizuri sana, wakapiga makofi. Akalishwa peke yake ndani ya nyumba ya padre, kwa uma na kisu.

Tulipokuwa tunaondoka nilikwenda kumuaga baba mdogo na kumwomba radhi juujuu, kama mtu anayejua hakukosea sana. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea.

"Mwanangu," aliniambia, "yule nilikuwa namkamata. Angepasua kuni zangu angekuwa wangu. Akikaa kwao miaka bila kuja, namfuata namzomea mbele ya watu wake, naye hana la kusema. Ningemwambia nenda kaniletee kichwa cha babu yako mwenyewe, maana angeshakuwa mjukuu. Wewe umemrudisha kuwa mgeni. Mgeni anakula, anashukuru, anaondoka. Sasa utamdai nini mgeni?"

Nikapanda gari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njiani kote nilikuwa naufikiria msemo huo. Wajerumani walifika kwetu na bunduki, wakaondoka, wakarudi na miradi, na kwa muda wote huo hatujawahi kuwafikisha siku ya tatu. Safari ile jembe lilikuwa limeshanyooshwa, na aliyelirudisha ghalani ni mimi.

Bwana Ditmar alipomaliza muda wake nilimsindikiza uwanja wa ndege. Pale kwenye mlango wa wasafiri aliniuliza, "Yule mzee hakuwa amelewa, sivyo?" Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli bila gharama yoyote, maana alikuwa anaondoka na asingenifukuza kazi. Nikamwambia, "Alikuwa amelewa, bosi." Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani uongo ukishauvaa hadharani, kuuvua ni aibu ya pili.

Babu Gaudensi alifariki mwaka uliofuata. Ofisi ilituma shada la maua kwa gari la abiria, lenye utepe ulioandikwa lugha mbili, na hakuna aliyejua la kulifanyia. Wahehe wa baba yako walikuja kutoka Iringa, wakalala kwenye kaburi, wakatukana, wakachimba. Habari ya kichwa ilibaki kwenye barua. Kila tulipouliza tulijibiwa kwa adabu kwamba suala linashughulikiwa.

Sasa unaona kwa nini sikupiga makofi jana. Uliposema warudishe, nilikuwa nyuma yako. Uliposema walipe, nilikuwa nyuma yako, na wakijifanya hawasikii piga meza, hata kama ni meza yao. Kilichonikata maini ni lile la mwisho, kila mtu ashike njia yake. Mwanangu, hilo ndilo wanalolitamani kuliko yote. Sanduku zuri, glavu nyeupe, hotuba, picha, ndege, kwisha. Watu wa baba yako walirudishiwa kichwa cha mtemi wao zamani, wewe mwenyewe ulikiona kwenye kioo mlipopelekwa na shule. Kilirudi, ndiyo. Lakini katika wale waliokichukua, nani alibaki kutwanga unga wa matanga? Ulikuwa unawapa ruhusa ileile niliyowapa mimi pale uwanjani, ya kuondoka wakiwa safi. Sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu nilijisikia mwenyewe mdomoni mwako.

Najua utakavyonijibu, maana nimekulea. Utasema, "Mama, Wangoni na Wahehe walikuwa nguvu sawa. Hawa bado wanatuzidi, utani gani huo?" Una haki. Mtani anaingia kwangu nami naingia kwake. Wewe ulipoomba viza walitaka uwaeleze kwa nini wakuamini kwamba utarudi nyumbani, ukaandika na kuandika, ukaambatisha mpaka barua ya paroko. Babu Mkubwa hakuandika chochote alipoingia kwao, na kutoka hawajamruhusu. Ikiwa wao wanaweza kuja kwenye misiba yetu wakati wowote na sisi hatuwezi kwenda kuwatukana kwenye misiba yao, hayo ni maigizo tu. Waambie hivyo. Anza na mlango.

Tena usiwasikilize wakikuambia utani ni msamaha. Watakuja mbio kwenye neno hilo, nawajua. Mtani hajasamehe chochote. Anakumbuka kila kitu na anakiimba, ndiyo maana anaweza kukaa nawe chungu kimoja. Ukiona wanatabasamu na kusema ni mila nzuri sana, wakakuomba ucheze kidogo ngoma ya kwenu kabla ya chakula cha mchana, funga daftari lako utoke nje upunge upepo.

Lakini wakikuuliza kwa kweli, hata kama ni mmoja tu katika meza nzima, unataka tuandike nini, usimpe neno la bango. Fundi wa Mwenge ameshazeeka. Mwambie waandike kwamba wakiitwa watakuja. Waandike ni nani mwenye haki ya kuwaita, na kwamba kuitwa huko hakutasubiri wao wawe na nafasi. Waandike kwamba watakaa mbele ya watu waliowakosea wakatukanwa mpaka mwisho bila kukimbilia hotuba, na kwamba wakimaliza kutukanwa kuna kazi ya mikono. Na sisi waandike tunachopaswa kuwafanyia wao, maana na wao hufiwa. Kama siasa yao ya nje haiwezi kubeba hayo, basi ni bango jingine.

Inawezekana naota. Nchi si mtu, haina mikono ya kushika jembe. Watatuma mwakilishi wa mwakilishi, naye atauliza kama kuna bima ya kushika shoka. Hayo yote nayajua. Ila nilimwona kwa macho yangu mtu wao mmoja akikunja mikono ya shati, na aliyemzuia hakuwa wa upande wao. Kwa hiyo siwezi kusema haiwezekani. Naweza kusema tu kwamba nilikuwa na haraka ya kuonekana mstaarabu.

Na nina woga wangu mwingine, wa kimama tu, hauna siasa. Naogopa watakuheshimu sana. Watakuketisha mbele, watakupa soda ya baridi, watakusifia Kiingereza chako, na baada ya muda utazoea kiti hicho mpaka siku ukirudi hapa ukae kwenye sofa langu kama mgeni, useme asante Mama kwa kila kikombe. Nitakutukana siku hiyo, nakuonya mapema. Damu yako nusu ni ya watani wangu, ninayo ruhusa. Ninakupenda, Kandida, na najivunia wewe mpaka najisikia mzito kifuani, na ulivyosema jana uliniumiza kwa kuwa ulikuwa umekaribia ukweli. Hasira yako usiiache hapa. Nenda nayo, utaihitaji. Radhi zangu zote unazo.

Wazee wa ukoo walikuwa wameshachoka kungoja. Walitaka mwaka huu tuzike fungu la udongo badala ya kichwa, tufunge matanga, tupumzike. Juzi niliwapigia simu, nikawaomba wasubiri. Wakauliza wasubiri nini. Nikasema, mjukuu wetu anakwenda kuwaita wachimba kaburi. Mmoja akasema haya, tutasubiri.

Mimi huenda sitaiona siku hiyo. Ukiwa pale, na ukamwona mtu wao mmoja anatoka kaburini kwa Babu Mkubwa, shati limeloa, udongo mpaka viwikoni, usimshukuru. Mtukane kwanza, umtaje babu yake kwa jina kama unalijua. Akishamaliza kutukanwa, chukua kopo la maji, umwagie anawe mikono, umketishe kwenye mkeka pamoja na wengine, ale.

Niliyekuzaa,
Mama